Kichwa cha Kumi na Tano

Siku ya tatu Konsolata alimfunga mwanawe kamba. Aliifunga kwenye kifundo cha mguu, kwa fundo lile lile la kufungia ndama, na ncha ya pili akaizungushia nguzo ya kati ya nyumba. Odilia alikuwa na miaka mitano na hakulia. Alikaa chini, akalitazama lile fundo, kisha akainama na kuanza kulifungua kwa meno.

"Acha! Odilia, nitakuchapa."

"Wananisubiri."

"Hakuna anayekusubiri."

Walikuwepo. Huko nje gari la mti lilikuwa likiteremka barabara mpya ya kijiji kwa makelele, magurudumu yake manne yamekatwa kwenye gogo moja na hayakulingana hata mawili. Nyuma yake walikimbia watoto wakubwa wa Mstari wa Pili, wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wakigombana ni nani aliyevunja ekseli jana. Wote walikuwa wazito kwa gari lile, na wadogo zao wakipandishwa walilia kabla halijaondoka. Aliyefaa alikuwa mmoja tu, mwepesi na asiyejua kuogopa, naye sasa alikuwa amefungwa kwenye nguzo.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mama. Wiki ile alikuwa amezika mtoto wa kiume wa siku ishirini na moja, na nyumba iliyozika mtoto anayenyonya, kwa Wairaqw, huingia metimani. Hujitenga. Watu wake hawashikani mikono na mtu, hawachoti maji pamoja na wengine, na mtoto wao hachezi na mtoto wa jirani, kwa maana kifo kikishaonja mtoto hutamani mwingine, na hupitia mikononi. Kujitenga huko huisha kwa kunyolewa baada ya mavuno. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mavuno ni mwezi wa nane.

Kule mlimani walikotoka jambo hilo lisingekuwa na taabu kubwa. Ili jirani akusikie ulipiga ukelele mpaka koo likauke. Lakini mwaka wa sabini na nne malori ya Operesheni yalikuja kuhamishia watu vijijini, na sasa walikuwa hapa chini, upande wa Gehandu, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi, na kutoka mlango hadi mlango ni hatua ishirini. Mtu akipiga chafya, nyumba ya tatu wanasema pole. Tadei, baba yake Odilia, alikuwa ameweka tawi la miiba njiani kwake ili kila mtu ajue. Kila mtu alijua. Mtoto wa miaka mitano ndiye aliyeruka tawi asubuhi, mchana na jioni.

"Mama Odilia!" Sauti ilitoka nyumba ya pili, uani. "Umemfunga?"

"Nimemfunga."

"Vizuri. Kaza."

Aliyesema hivyo ni Ludovika, mama yake Basili. Basili alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye mwenye gari. Tangu azaliwe yeye, Ludovika alikuwa amezika wanne, na sasa tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Alitembea akiwa amelishika kwa mikono miwili, na jioni alifunga mlango kabla ya kuku kuingia bandani.

Kamba ilidumu siku nne. Siku ya tano Tadei aliikata kwa panga.

"Mwanangu si ndama," alisema.

"Basi mchunge wewe!" Konsolata alijibu. "Mimi nimechoka. Usiku nasikia mtoto analia, mchana nasikia gari. Nitakuwa kichaa."

Walikubaliana acheze uani, mwisho wake pale kwenye miiba. Siku hiyo hiyo watoto wakubwa walikuja wakasimama upande wa pili, mstari mzima. Walimtazama kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

"Wewe kaa huko huko," Basili alisema. "Sisi tukae huku. Tukirusha, udake."

Mpira ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa katani. Waliurusha, akaukosa, akaukimbilia, akaurudisha kwa nguvu zake zote mpaka akaanguka. Wakacheka. Benedikta, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezoea kumbeba mgongoni utadhani wake, alimfundisha kudaka kwa nguo. Saa nzima walirusha hivyo. Konsolata alisimama mlangoni akawaacha, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kusikia mtu akicheka uani kwake.

Ludovika ndiye aliyekuja na fimbo. Aliuinua mpira kwa ncha, akaupeleka hadi jikoni kwake mkono umenyooka, akautia motoni.

"Mama! Mpira una mikono?" Basili aliuliza.

"Una jasho lake."

"Yeye ni dereva wetu."

"Tafuteni dereva mwingine."

"Wengine wanalia."

"Na wewe utalia, Basili, nisikilize. Utalia kilio ambacho hujawahi kulia."

Basili aliondoka akipiga mawe teke. Benedikta alibaki kidogo, akampungia Odilia mkono, kisha naye akaenda.

*

Wiki ya palizi kila mtu mzima alitakiwa kwenye shamba la bega kwa bega, la kijiji kizima. Mwenyekiti wa kijiji, Hilary, Mwiraqw mwenzao, alikuwa amempa Tadei na mkewe kipande ng'ambo ya mtaro, wapalilie peke yao bila maneno. Mambo yangekwenda hivyo hadi mavuno kama si Ndugu Didas, Katibu, mtu wa Bukoba, aliyekuwa na miezi mitatu tu kijijini na bado aliamini kila alichoambiwa mara ya kwanza, lakini si mara ya pili.

"Ndugu Mwenyekiti, wale wawili kwa nini wako peke yao?"

"Wana kifua, Ndugu Katibu. Wanakohoa."

"Juzi uliniambia wana macho."

Hilary akatazama jembe lake. Didas akavuka mtaro.

"Ndugu, unakohoa?"

"Hapana," Tadei alisema. "Tumefiwa."

"Poleni sana. Nani kawafukuza huku?"

"Hakuna. Tumejifukuza wenyewe."

"Ushirikina!" Didas alisema, na hakuwa na ubaya. Mtu yule alimhurumia kweli, na huruma ya mtu asiyejua mila ina madhara kuliko chuki. Alimshika Tadei kifundo cha mkono, akamvusha mtaro, akamwingiza katikati ya watu. Watu wakasogea. Walisogea huku wakipalilia, bila kuinua vichwa, mpaka Tadei akawa katikati ya uwanja mtupu wa mahindi na Katibu wake.

"Mpeni maji!" Katibu aliamuru. Hakuna aliyesogea. Akachota mwenyewe kwenye pipa, akampa. "Kunywa, ndugu. Hii ni nchi huru."

Tadei akanywa. Angefanyaje? Kikombe kikarudi ndani ya pipa, na haukupita muda mama mmoja akajikwaa, pipa likaanguka, maji yote yakaenda. Punda alikuwa ameyatoa mbali. Watu sitini walipalilia hadi saa tisa bila tone la maji, na kila aliyejilamba midomo alimtazama Tadei. Kwa wiki nzima baadaye hakuna aliyempa Katibu mkono. Hilary alianza kubeba daftari lake kwa mikono yote miwili kila alipomwona akija. Didas alidhani ni heshima.

Konsolata alikuwa amebaki ng'ambo ya mtaro, akipalilia kwa hasira mpaka akawa anakata na mahindi. Aibu ya mume wake ilimuuma, lakini moyo haukuwa pale. Ulikuwa nyumbani, ambako Odilia alikuwa peke yake uani na bakuli la viazi.

*

Naye Odilia hakuwa uani. Watu wazima wote wakiwa shambani, nani angekaa uani?

Walimchukua saa nne. Walijua vizuri walichokuwa wanafanya, kwa sababu walibuni namna ya kufanya bila kumgusa. Basili alisukuma gari hadi kwenye miiba, akasogeza tawi kwa mguu, akasema, "Panda mwenyewe." Akapanda mwenyewe. Walivuta kwa kamba ndefu hadi juu ya mteremko, wakampa usukani wa kamba, wakasukuma gari kwa kijiti, mkono usimguse. Jamani, alishuka! Kuku waliruka, mbuzi walikata kamba, na Odilia alikuwa akipiga ukelele wa furaha ambao mstari mzima haukuwa umeusikia kwa siku nyingi.

Mara ya tano gurudumu la mbele lilitoka. Gari lilipinduka, mtoto akarushwa kwenye changarawe, goti likafunguka. Basili na Benedikta walimfikia kwanza. Hakuna aliyekumbuka kijiti. Basili alimwinua kwapani, Benedikta akafunga goti kwa kitambaa chake cha kichwa, wakampangusa pua, wakampuliza vumbi litoke machoni. Alipoacha kulia ndipo Basili alipotazama mikono yake. Ilikuwa na damu.

"Mama yangu," alisema taratibu.

Wenzake kumi na wawili walikuwa wamerudi nyuma. Walisimama mbali kama hatua kumi, na umbali ule ulimtia Basili wazimu.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani," mmoja akajibu. "Wewe umemshika. Sisi hatujashika."

"Mmesukuma gari!"

"Kwa kijiti."

Ningependa kusema kwamba kijana yule alifikiri jambo la busara. Hakufikiri. Alikuwa na miaka kumi na minne, alikuwa na hofu ya kubaki peke yake nyuma ya miiba hadi mwezi wa nane, na akafanya anachofanya mtoto mwenye hofu: aliwakimbiza. Alimgusa wa kwanza mgongoni, wa pili shingoni. Wengine walikimbia wakipiga mayowe, wakapanda kuta, wakajificha kwenye ghala la kijiji, na yeye akawafuata mmoja mmoja kwa mikono ile. Kwa mtu aliyetazama toka mbali ulikuwa mchezo wa kukimbizana tu. Odilia, juu ya mgongo wa Benedikta, alishangilia. "Yule kule! Yule kule nyuma ya ghala!"

Alipomgusa wa kumi na mbili, Basili alikaa chini katikati ya barabara na kulia. Wenzake wakaja, mmoja mmoja, wakakaa naye. Wangekwenda wapi?

*

Watu wazima walirudi wakiwa na kiu na kisirani. Walikuta watoto kumi na watano wamekaa barabarani kimya, na huo ukimya ndio uliowatisha.

"Basili," Ludovika aliita. "Simama. Tuwashe moto."

"Siwezi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huwezi nini?"

Akamwonyesha mikono. Damu ilikuwa imekauka, lakini damu ni damu. Ludovika alitazama mikono, akamtazama Odilia aliyelala mgongoni kwa Benedikta, akashika tumbo lake na kukaa chini pale pale. Kina mama wengine walikuwa wameshaanza kuelewa, kila mmoja akiita jina la mwanawe na hakuna mtoto aliyeinuka.

"Mama Odilia!" Ludovika alipiga kelele. "Umeniua! Umeniletea kile chako!"

Konsolata alikuwa amesimama mbali, jembe begani. "Nilimfunga. Uliniona nikimfunga."

"Mbona kamba ilikatwa?"

"Kwa sababu ni mtoto! Mama Basili, unadhani nataka cha kwako kife? Nimezika juzi! Matiti yananiuma mpaka leo! Kama ningeweza kukifunga kifo kamba ningekifunga hicho, nimwache mwanangu acheze!"

Mwanamume mmoja alisema wahamishwe, wapelekwe hata Yaeda Chini wakakae na wanyama. Mwingine alisema nyumba yao ichomwe. Tadei alisikia yote mawili na hakuinua macho, kwa kuwa aliyesema la pili alikuwa binamu yake.

Mzee Qamara aliletwa, ameshikwa mkono. Macho yake yalikuwa na utando, lakini mambo ya namna hii aliyajua yote. Alikaa kwenye kigoda na kuuliza maswali matatu tu: nani alizika, nani aligusa, nani ana mimba.

"Wazazi waliozika, uchafu wao ni mzito," alisema. "Huo ni mpaka mavuno, hauna njia ya mkato. Hawa waliogusa, wao ni mwepesi. Siku nane wakae mahali pamoja wasiingie nyumba ya mtu. Siku ya nane tuwanyoe, tuwapake tumbo la kondoo. Watakuwa safi, na mama huyu atazaa."

"Kondoo wa nani?" mtu aliuliza, ingawa walijua wote.

"Nina mmoja," Tadei alisema.

"Na Odilia?" Konsolata aliuliza kwa sauti ndogo. "Nije nimchukue?"

Alipiga hatua moja, na watoto wote kumi na wanne wakajikusanya. Odilia aliamka, akamng'ang'ania Benedikta shingoni. "Sitaki nyumbani! Nyumbani hakuna watu!"

Mzee Qamara akapunga mkono. "Mwacheni. Mchafu kukaa na wachafu, kuna kosa gani? Ataondoka nao, atarudi kwenu."

Wakapelekwa ghala la kijiji, lililokuwa na bati jipya na halikuwa na hata gunia moja. Asubuhi Katibu alimuuliza Hilary watoto wale wanafanya nini mle.

"Kambi ya vijana, Ndugu Katibu," Hilary alisema bila kupepesa macho. "Siku nane. Wanajifunza ushirikiano."

Didas alifurahi sana. Aliandika barua wilayani siku hiyo hiyo.

*

Siku zile nane Konsolata alifagia uwanja asubuhi, akaufagia mchana, akaufagia jioni.

"Utaufagia mpaka utokee Singida," Tadei alimwambia.

"Nifanye nini? Nikae?"

Hakuweza kukaa. Akikaa, mikono ilitafuta mtoto wa kubeba. Akiingia ndani, nyumba ilikuwa na utulivu wa kumtoa tena nje. Toka ghalani zilikuja kelele mchana kutwa: wanaimba, wanagombana, wanapiga bati kwa mawe. Wakubwa walimfanya Odilia mwenyekiti wa kijiji, wakamweka juu ya debe. Kila aliyetaka kwenda kujisaidia alimwomba ruhusa. "Ndugu Mwenyekiti, naomba nitoke." "Usitoke," angesema, na jitu la miaka kumi na minne lingesubiri limebana magoti mpaka lihurumiwe. Usiku walilala amewekwa katikati yao. Alikuwa hajawahi kuwa na kaka wala dada, na sasa alikuwa nao kumi na wanne.

Chakula kiliwekwa juu ya jiwe mbele ya ghala. Siku ya sita Konsolata na Ludovika walikutana hapo, mmoja huku, mmoja kule, jiwe katikati. Ludovika alikuwa amevimba miguu.

"Habari ya mchana," Konsolata alisema.

"Salama." Ludovika alikawia kuondoka. "Ulisema matiti yanauma."

"Yanauma."

"Weka majani ya kabichi. Mimi nimekaa metimani mara nne, Mama Odilia. Mara zote nne Basili alikaa na mimi ndani, mlango umefungwa, nikimshika nguo asitoke. Ndiyo maana siku hizi hakai nyumbani. Nilimmaliza."

"Hukummaliza. Ana watu."

"Ana watu," Ludovika alikubali. Akaweka bakuli juu ya jiwe, akarudi nyuma ili mwenzake naye aweke la kwake.

*

Siku ya nane kondoo alichinjwa kabla jua halijawa kali. Watoto walipangwa foleni mbele ya ghala, wakubwa mbele. Kina mama walisimama upande mmoja na maji ya moto na nguo safi. Konsolata hakuwa na ruhusa ya kufika pale, kwa hiyo alisubiri nyumbani, nyuma ya tawi la miiba. Naye alichemsha maji. Naye alitoa gauni la Odilia la kanisani. Tadei aliruhusiwa kusimama mbali, kwa ajili ya kondoo wake.

Katibu alikuja kufunga kambi. Alizungumza juu ya vijana na taifa huku Mzee Qamara akinyoa. Mzee alinyoa kwa kupapasa, kiganja juu ya kichwa, wembe, kiganja tena. Kila aliyemaliza alipakwa yale majimaji ya kijani ya tumbo la kondoo, kifuani na mikononi, akapita. Watoto walicheka vichwa vya wenzao. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji!" Basili alimwambia aliyemfuata, na hata kina mama wakacheka. Mzee alichovya mkia wa kondoo na kumrushia Katibu matone mawili kwenye suti. Hilary ndipo alipomkaribia Didas kwa mara ya kwanza tangu palizi na kumpa mkono.

Benedikta alikuwa wa kumi na nne. Alifika na Odilia mgongoni, kama siku zote. Aliinama akanyolewa, akapakwa, na alipotaka kuinuka Mzee alipapasa tena, akakuta kichwa kingine kidogo, chenye nywele. Akanyoa. Foleni ni foleni. Kiganja, wembe, kiganja. Odilia alifumba macho na kujikaza, maana wakubwa wote walijikaza.

Tadei aliona. Alikuwa hatua thelathini, sauti yake ingefika. Alifungua mdomo, akaufunga. Alimwona Mzee akimpaka mwanawe kifuani, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na hakusema neno.

Ludovika ndiye aliyehesabu.

"Mzee," alisema. "Umenyoa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Kumi na watano."

Uwanja ulinyamaza, isipokuwa Katibu aliyekuwa amefika kwenye neno kujitegemea. Mzee Qamara alinyoosha mkono, akapapasa ule upara mdogo, akaushikilia muda mrefu.

"Huyu ni wa nyumba ile."

"Ndiye."

"Basi ni safi," alisema mwishowe. "Nywele hazirudishwi. Ni safi kama hawa. Ila asiingie tena kule. Akiguswa na mama yake leo, amechafuka upya, ule mzito, na hatunyoi mara mbili kwa mwaka. Mpaka mavuno."

"Alale wapi?" mtu aliuliza. Wakatazamana. Ni rahisi kumwonea huruma mtoto, lakini mlango ni wako, na watoto wako wamelala ndani yake. Ludovika alilishika tumbo lake, akavuta pumzi.

"Kwangu," alisema. "Si amesema ni safi?"

Tadei alikimbia. Alitaka afike kabla ya mtoto.

"Konso! Wamemnyoa naye."

Konsolata alikuwa anapima maji kwa kiwiko. "Nani?"

"Odilia. Mzee hakuona. Ni safi sasa. Sisi bado."

Alielewa polepole. "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilisema moyoni, angalau mmoja wetu atoke. Nipige ukitaka."

Hakumpiga, kwa kuwa Odilia alikuwa anakuja. Alikuwa ameponyoka mgongoni kwa Benedikta na anakimbia barabara nzima peke yake, kichwa kinang'aa, goti lina kidonda, anacheka kwa sababu ana mambo ya siku nane ya kusimulia. "Mama! Mama, nilikuwa mwenyekiti!" Nyuma yake Basili na Benedikta walikimbia, na nyuma yao kabisa Ludovika, anayumba na tumbo lake.

Miezi mitano. Angemdaka, angemwosha, angelala naye usiku ule akinusa kile kichwa. Na kesho yake angetafuta kamba. Konsolata aliweka mikono nyuma.

"Usije," alisema.

Odilia alicheka. Aliruka tawi la miiba kama alivyoruka siku zote.

"Odilia, usije! Rudi! Nenda kwa mama Basili!"

Mtoto akaja. Konsolata akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta na hakukuwa na pengine pa kurudi. Akainama, akaokota donge la udongo, akarusha. Lilipasukia miguuni pa mtoto. Akarusha la pili.

"Nenda! Sikutaki hapa! Husikii? Nenda!"

Odilia alisimama. Alitazama vumbi miguuni, akamtazama mama yake, na uso wake ukakunjamana taratibu. Basili alifika akamnyakua kiunoni, akavuka naye miiba huku mtoto akipiga mateke na kulia kilio ambacho Mstari wa Kwanza walitoka nje kukisikiliza. Kilisikika toka nyumba ya pili hadi alasiri. Konsolata alikaa mlangoni, macho makavu, na hakukosa hata pumzi moja ya kilio kile.

Jioni Tadei alikwenda kusimama kwenye miiba, akazungumza na Basili kwa mbali, akarudi.

"Amekula?" Konsolata aliuliza.

"Amekula. Wamemkaangia yai."

"Bado analia?"

"Ameacha. Yuko nje na wakubwa. Anacheza."

"Anacheza?"

"Anacheza."

Hapo ndipo Konsolata alipojifunika uso kwa khanga na kuanza kulia.